Waya wa Pasi

Mafundi cherehani wana uongo wao unaosamehewa: njoo kesho, nguo yako imebaki vifungo tu. Kumbe kitambaa hata mkasi hakijauona. Fundi wetu huyu aliusema kila siku bila kupepesa macho. Lakini alikuwa na uongo mwingine, na huo ulikuwa na umri wa miaka minane.

Siku ile alikuwa akipiga soga na mteja aliyempa mgongo apimwe. Pasi ya moto aliiacha ukingoni mwa meza. Alipogeuka kuchukua futi, mguu wake ukanasa kwenye waya. Bintiye wa miaka mitatu alikuwa amekaa chini akichezea vifungo, na pasi ikamwangukia shingoni.

"Imekuwaje?" mteja akapiga kelele.

"Mtoto mtundu huyu, kavuta waya!"

Neno likishatoka halirudi. Mume aliamini, mama mkwe aliamini, mtaa mzima ukaamini. Mtoto akabaki na kovu lililomvuta shingo upande mmoja, na jina juu yake: Mtundu. Wala hakuwa mtundu hata chembe, maskini, mtoto wa kubembelezwa ndipo aongee.

Sasa ana miaka kumi na mmoja. Daktari wa upasuaji alimwekea puto chini ya ngozi isiyoungua, kifuani karibu na bega. Kila wiki muuguzi hulijaza maji ya chumvi kidogo kwa sindano ili ngozi itanuke taratibu. Ikishatosha, kovu litakatwa na ngozi hiyo itavutwa kufunika mahali pake.

"Kiraka cha kitambaa kilekile," fundi alimwambia daktari, wakacheka.

Puto lilipofikia ukubwa wa chungwa, watu wakaanza kukodoa macho. Fundi akamshonea bintiye blauzi ya kola pana, akijidai anamfichia mtoto aibu. Aibu ilikuwa yake.

Wiki ya nane walimkuta muuguzi mpya. Akiandaa sindano, akauliza, "Pole, mwanangu. Uliunguaje?"

"Nilivuta waya wa pasi. Mama alikuwa anafanya kazi, mimi nikawa sisikii." Sindano ikaingia. Msichana akauma mdomo, machozi yakamlengalenga. "Haiumi sana. Si nilijitakia mwenyewe?"

Uso umeumbwa na haya, na wa fundi uliwaka moto. Nilijitakia! Mtoto wa miaka mitatu anajitakia nini? Alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kunyamaza tena, maana kunyamaza alikuwa amekuzoea, lakini safari hii koo lilikataa.

"Hukuvuta," akasema. "Ni mguu wangu, mwanangu. Mimi ndiye niliyevuta ule waya, nikakusingizia wewe."

Muuguzi akajifanya anatafuta pamba. Msichana alimtazama mama yake, shingo upande vilevile.

"Kwa hiyo sikuwa mtundu?"

"Hukuwa. Hata siku moja."

"Baba anajua?"

"Hajui."

"Utamwambia lini?"

Fundi akamwona mumewe, akamwona mama mkwe, akauona mtaa mzima mlangoni pake. Akafungua kinywa, na ulimi, kwa mazoea yake, ukatangulia.

"Kesho," akasema.

Mtundu alikulia chini ya meza ile ya kushonea, na neno hilo alikuwa amelisikia likiambiwa wateja maelfu. Akavuta kola yake pana, akalifunika bega, akashuka kitandani.