Maji ya Kunyweshea Ukuta

Syombua Nzomo yuko kidato cha tatu, na kama hujamwona akishika mwiko huwezi kuamini ni yule yule anayesinzia kwenye somo la historia. Shule yao ya kutwa, pale karibu na Kalamba, ilipatana na chuo cha ufundi cha sokoni: mwanafunzi anayetaka achukue kozi moja ya chuo huku bado yuko sekondari, Ijumaa mchana na Jumamosi kutwa, ili akimaliza kidato cha nne atoke na vyeti viwili. Wenzake walikimbilia kompyuta na ususi. Yeye akaandika uashi. Wasichana wakamcheka, "Wee Syombua, na mikono ya simiti utaolewa na nani?" Akawajibu kwamba mikono yake haijamwomba mtu posa.

Mwalimu wake wa uashi ni Idris, mzaliwa wa Makindu, mtu wa kofia safi na viatu vilivyoganda simiti, ambaye hajui kupiga kelele. Akikuta ukuta umepinda, anasimama mbele yake kimya, mikono nyuma, mpaka mwenyewe uone aibu uubomoe. Syombua alibomoa mara nne muhula wa kwanza. Mara ya tano Idris alipita akasema, "Mashallah, endelea," na msichana akatembea njia nzima ya kurudi nyumbani akicheka peke yake. Watu wakadhani amependa mtu.

Sasa ukaja mtihani wa vitendo. Kila mmoja ajenge tanki la maji kwenye boma la kwao, la matofali, plasta ndani na nje, na mtahini atakuja mwishoni mwa Novemba mvua ikiwa imeshanyesha, maana tanki halipimwi kwa macho. Lisipovuja, umepita. Likivuja, umetoka kwenye kozi, na kidato cha nne hakuna nafasi ya kurudia. Nafasi ni moja tu. Syombua alilala akiijua hiyo habari na akaamka akiijua.

Alilijenga kwa Susu Kaveke, nyanya yake aliyemlea. Likasimama safi nyuma ya jikoni, limekaribia ua wa mkonge. Plasta alimaliza Jumapili moja ya Oktoba, jua likiwa kali mpaka kuku wanatembea kwa kurukaruka. Na plasta mpya, Idris alikuwa amewaambia zaidi ya mara mia, lazima inyweshwe maji mara tatu kwa siku, siku saba, pande zote, la sivyo jua linaikausha kabla haijashika na inapasuka.

Lakini Syombua huondoka kwenda shule kabla ya jua na kurudi jioni. Kwa hiyo akamwonyesha Susu. Asubuhi mtungi mmoja, adhuhuri mmoja, jioni mmoja. Zunguka tanki lote.

"Nimesikia, mwiitu, binti yangu," Susu akasema.

Jamani, kusikia alisikia. Lakini hebu mfikirie huyo mama. Susu Kaveke amechimba maji kwenye mchanga wa mto tangu akiwa na meno ya utoto. Ameogesha watoto sita kwa kopo moja. Kwake maji yaliyoosha mboga huosha miguu, na yaliyoosha miguu hupewa mpapai. Leo aambiwe amwage mitungi mitatu mizima kwenye ukuta, kila siku, ukuta ambao hata mdomo hauna! Siku ya kwanza aliinua kopo na mkono ukakataa. Akalowesha upande unaotazama njia, ule ambao Syombua angeuona akirudi, na maji yaliyobaki akayaweka vizuri.

Akafanya hivyo wiki nzima. Jumapili, baada ya kanisa, Syombua akajipenyeza kati ya tanki na mkonge ili apime mahali pa kufunga mfereji wa paa. Macho yakamtoka. Plasta yote ya nyuma ilikuwa imepasuka kama kisigino cha mtu wa shamba. Akapanda ngazi, akachungulia ndani. Ilikuwa hivyo hivyo.

"Susu! Maji ulimwaga wapi?"

Susu alimshika mkono, akampeleka kwenye chumba cha mahindi, akavuta gunia pembeni. Mitungi kumi na miwili, imejaa mpaka shingoni, imepangwa kwenye mstari.

"Nilikuwekea," akasema. "Ule ukuta ungekunywa yote. Wewe ungeoga nini?"

Syombua alikasirika. Alikaa chini kwenye maganda ya mahindi akalia kwa hasira, mwaka mzima wa Ijumaa na Jumamosi ukimpita mbele ya macho. Kisha akaitazama ile mitungi, yote imefunikwa vifuniko, mingine imefungwa na karatasi ya nailoni ili isimwagike hata tone, na kicheko kikamtoka bila ruhusa. Susu hakucheka. "Nimekuharibia shule?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Jumatatu, saa ya chakula, Syombua alikimbia mpaka chuoni akamweleza Idris kila kitu. Idris alisikiliza mpaka mwisho, halafu, ajabu, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kosa ni langu," akasema. "Niliwafundisha simiti nikasahau kwamba kuna nyanya nyumbani. Toa plasta yote iliyopasuka, ndani na nje, upige upya. Na safari hii ifunike kwa magunia yaliyolowa. Gunia linashika maji, mtungi mmoja unatosha kutwa. Mwambie nyanya yako hakuna kitakachomwagika."

Kwa neno hilo Susu akapona kabisa. Syombua alipomaliza kupiga plasta, mama huyo alihamishia kigoda chake kando ya tanki, na kila mara alinyoosha mkono kupapasa magunia kama anayepima mtoto homa. Yakianza kukauka, anainuka na kopo. Siku saba, nyuma na mbele. Ile mitungi aliyoificha ndiyo iliyofanya kazi yote.

Mvua ikanyesha Novemba, mchana kweupe, tanki likajaa. Siku tatu baadaye akaja mtahini, mama mmoja kutoka Kitui aitwaye Katunge, viatu vya mpira miguuni na daftari kwapani. Alizunguka polepole. Akafika nyuma, akasimama.

"Hapa rangi ni tofauti. Kwa nini?"

Syombua alisogea kando yake. "Plasta ilipasuka, madam. Ilikosa maji. Niliitoa nikapiga nyingine."

"Ni mimi!" Susu akaruka kutoka jikoni. "Mimi ndiye niliinyima maji! Andika Kaveke ameanguka, mtoto umwache!"

"Susu, fomu yako sina," Katunge akasema, akijizuia kucheka. Akapitisha kiganja ukutani, juu, katikati, chini kabisa mpaka kwenye udongo. Akakigeuza akakitazama. Kilikuwa kikavu. "Fundi anayejua kosa lake liko wapi ndiye ninayemtaka. Umepita, msichana. Hongera sana."

Woi! Syombua alimrukia nyanya yake nusura waanguke kwenye mkonge. Akachukua kopo, akafungua bomba, akalijaza maji ya kwanza ya tanki lake, akampa Susu anywe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Susu Kaveke alilipokea kwa mikono miwili. Hakunywa. Alizunguka mpaka nyuma ya tanki, mtahini akimfuata kwa macho, akasimama mbele ya ile plasta mpya, akalimwaga kopo lote ukutani.

"Kunywa," akauambia. "Nilikunyima."