Kammoun Wawili Katika Hataza Moja

Marehemu mume wangu, Lassaad Kammoun, hakuwa na mke wa pili. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa kwenye saluni za Sfax, na nimechoka kuona wanawake wakinyamaza kila ninapoingia kuoshwa nywele. Wanasema kuna hataza ya serikali, ile hati inayomlinda mvumbuzi asiibiwe kazi yake, na juu yake yameandikwa majina mawili, Kammoun mwanamume na Kammoun mwanamke. Kama yule mwanamke si mkewe, wanauliza, mbona ana jina lake?

Nimefundisha fizikia miaka ishirini na sita katika shule ya sekondari ya wasichana, basi niruhusiwe kujibu kama mtu anayejua kufikiri. Katika nchi yetu ya Tunisia mwanamke akiolewa habadilishi jina. Kitambulisho changu kinasema Ibtissem Sellami, kisha chini yake, haram Kammoun, yaani mke wa Kammoun. Mimi niliyeishi naye miaka thelathini na moja nimefungwa kwenye jina lake kwa neno moja tu la katikati. Ilhem Kammoun alizaliwa nalo. Jina lile halithibitishi ndoa yoyote. Linathibitisha tu kwamba alikuwa na baba. Na kina Kammoun wa mji huu ni wengi kama punje za jira, ambayo ndiyo maana ya jina lenyewe. Ukiita Kammoun kwenye soko la samaki watageuka watu kumi, na wanane kati yao hawajuani.

Lassaad alikuwa mtoto wa fundi redio wa mtaa wa Bab Jebli. Alikulia chini ya meza ya baba yake, kati ya spika zilizochanika na nyaya, na nadhani hakuwahi kutoka kabisa chini ya meza ile. Alisoma Tunis, akarudi kufundisha katika chuo cha uhandisi hapa kwetu. Alikuwa na makoti mawili na pikipiki moja iliyomvujia mafuta kwenye suruali. Hakuwa mtu mkubwa, wala sitaki kumfanya mkubwa leo. Alikuwa mtu wa swali moja kwa wakati mmoja, na swali lililomkalia kichwani miaka minne lilikuwa debe la mafuta ya zeituni.

Wenye vinu walitaka kila debe liwe na lebo ya mawimbi ya redio, ile yenye chipu ndogo kuliko punje ya ufuta na antena nyembamba iliyoizunguka. Ukiielekezea kifaa cha kusomea, lebo inajibu yenyewe: mimi ni debe fulani, nimetoka kinu fulani, nimejazwa siku fulani. Hapo hakuna mtu wa kuchanganya mafuta yetu na ya kwingine njiani halafu akayauza kwa jina letu. Kwenye boksi la karatasi lebo ilijibu vizuri. Kwenye bati ilikuwa bubu. Lassaad alijaza nyumba yangu madebe matupu, na kila jioni nilimsikia akiyaulizia majina moja moja, na hakuna lililomjibu.

Ndipo akaja Ilhem. Alikuwa amewahi kuwa mwanafunzi wake, akaenda Ujerumani, akarudi na shahada kubwa kuliko ya mwalimu wake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mimi nilikuwa na arobaini na sita. Hakuwa mzuri sana wa sura, na hilo lilinisumbua zaidi, maana uzuri ningeuelewa.

Jumapili moja ya Januari Lassaad alimleta kula kwetu. Nilipika kuskusi ya pweza, nikaweka sufuria mezani juu ya mkeka wa kinu ili isiunguze meza. Mkeka huo ni duara ya majani ya halfa yaliyosukwa; zamani mikeka kama huo ilipangwa kwenye kinu tabaka juu ya tabaka, zeituni zilizosagwa zikiwa katikati. Baba yangu alikuwa na kinu barabara ya Gremda. Mashine mpya zilipokuja alinigawia mikeka minne, nami nikaifanya ya jikoni.

Ilhem aliacha kula. Aliweka kiganja juu ya meza, pembeni mwa sufuria.

"Bi Ibtissem, hiki ni nini?"

"Mkeka. Usiushike, una mchuzi."

"Unene wake kiasi gani?"

"Mimi nimeuweka chini ya sufuria, binti yangu. Sikuuposa."

Lassaad alicheka hadi akakohoa. Ilhem hakucheka. "Ustadhi," alimwambia, "tumekuwa tukitafuta lebo yenye nguvu zaidi. Tungeiinua tu."

Aliniomba mkeka msafi, nikamletea kutoka stoo. Akauweka kati ya lebo na debe, akaifunga kwa kamba. Lassaad akachukua kifaa cha kusomea, kikalia. Akarudi nyuma hadi mlangoni, kikalia. Akatoka uani na ndara zake, kuskusi ikiwa bado mdomoni, na kila hatua alisema, "Bado inajibu. Bado." Alifika hadi kwenye geti. Kisha akarudi akasimama mbele ya Ilhem, akamtazama.

Kamera yangu ilikuwa kwenye kabati. Niliichukua nikawapiga picha, kwa sababu mke wa mtu hufanya nini kingine wakati kama huo?

Jambo lenyewe ni rahisi. Bati likigusana na lebo linaiziba mdomo. Likiwekwa nyuma yake kwa unene wa kidole linageuka kioo, linausukuma ule mwito mbele badala ya kuumeza. Mimi nilikuwa nikiwachorea wasichana wangu mchoro wa namna hiyo ubaoni kila mwaka, kwa chaki ya rangi. Nilikuwa na mkeka, nilikuwa na bati, nilikuwa na mume aliyekonda kwa swali hilo miaka minne, na sikuona. Aliona mgeni, kabla hajamaliza sahani yake.

Baada ya hapo walifanya kazi miezi kumi na minne. Mkeka uliachwa, wakatumia sponji ngumu yenye antena iliyochanjwa kwa namna ambayo Ilhem aliihesabu mwenyewe. Lassaad aliandika programu ya kompyuta inayoyafanya madebe mia tatu yajibu kwa zamu bila kupigiana kelele. Nusu yake na nusu ya Ilhem, na hataza ilipotoka ilisema hivyo hivyo, majina kamili. Katika orodha ya uvumbuzi ya chuo waliandika kwa ufupi: Kammoun L., Kammoun I.

Wiki chache baadaye ikaja barua ya wanunuzi wa mafuta wa Italia, wakiwapongeza Bwana na Bibi Kammoun, "mume na mke waliounganishwa na sayansi." Lassaad aliisoma mezani kwetu, Ilhem akiwepo.

"Bint Sellami," aliniambia, maana hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, "umepinduliwa."

"Na hata mahari sijaulizwa," akasema Ilhem.

Nilicheka pia. Kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Nitasema na hili, kwa kuwa wenye saluni wanadhani sikuwa na macho. Nilipekua mifuko ya makoti yote mawili. Nilikuta skrubu, risiti ya nyaya, na karatasi yenye mwandiko wa mikono miwili, mstari wake, mstari wa Ilhem, mmoja akianza hesabu na mwingine akiimaliza. Ningekuta manukato ningejua la kufanya. Karatasi ile niliirudisha mfukoni, kwa sababu hakuna kadhi wala jaji anayesikiliza kesi ya mke aliyeonea wivu hesabu. Hapakuwa na zaidi ya hilo. Nasema kama shahidi ambaye angependa kukuta kosa.

Ilhem alirudi Ujerumani. Lassaad alifariki kwenye ngazi za chuo, moyo, asubuhi ya mtihani. Siku ya tatu ya msiba Ilhem alipiga simu akilia. Nilimwambia Mungu akupe subira, maneno ambayo yeye ndiye alipaswa kuniambia mimi, nikakata.

Miaka miwili ikapita. Kisha akaja nyumbani kwangu mkurugenzi mpya wa chuo, Walid Brahmi, kijana aliyetoka mji wa Gafsa, mwenye adabu nyingi na haraka nyingi. Alinionyesha mchoro wa kibao cha shaba: Maabara ya L. na I. Kammoun.

"Tunataka na picha, Bi Ibtissem. Yeye na wewe. Wanafunzi waone kwamba ndoa na sayansi vinaweza kukaa nyumba moja."

Alikuwa ameisoma ile orodha, akaiona ile barua ya Italia kwenye faili, akaliona jina langu linaanza na herufi gani. Nilipaswa kumkatiza pale pale. Badala yake nikamwongeza kahawa, nikasema, "Nitatafuta."

Wifi yangu Mounira, dada yake Lassaad, alikuja jioni ile ile. Nilimweleza yote.

"Wifi, Mungu amekuletea haki yako mlangoni," akasema.

"Ameniletea uongo."

"Uongo gani? Jina lako linaanza na nini?"

"I."

"Na wewe ni mke wa nani?"

"Usinichezee, Mounira."

"Sikuchezei. Hata herufi moja haibadiliki pale. Na mkeka ulikuwa wa nani?"

"Wa baba yangu."

"Umeona? Haya, sema ukweli wako, umpeleke yule mwanamke ukutani, bega kwa bega na kaka yangu, halafu kesho uende saluni. Watakupokea kwa vigelegele vya harusi."

Hakukosea. Nilitandaza picha mbili kwenye meza ya jikoni. Moja ya harusi yetu, mimi na taji la maua, yeye na masharubu aliyoyajutia. Nyingine ile niliyoipiga mwenyewe: Ilhem na debe, Lassaad na kifaa chake, akimtazama. Miaka thelathini na moja, na hakuna picha hata moja ambamo ananitazama mimi hivyo. Nilizitafuta zote, za Idi, za ufukweni, za mahafali ya watoto. Ananitazama kwa upendo, sikatai. Hivyo, hapana.

Nilitaka ukuta ule. Siwezi kuandika vinginevyo. Lakini hataza haifutiki. Siku moja mwanafunzi mwenye macho angeifungua, akasoma majina kamili, akauliza Ilhem ni nani na bibi huyu wa picha ni nani. Lassaad angekuwa mwizi aliyemnyang'anya msichana kazi yake akamvisha mkewe. Kwa watu wa saluni ni mwanamume wa wake wawili. Kwa wanafunzi wake angekuwa mwizi. Nilikataa yote mawili.

Asubuhi nilikwenda ofisini kwa mkurugenzi.

"Huyo I si mimi," nikamwambia.

Aliutazama mchoro. "Ni dada yake marehemu?"

"Si dada yake, si binti yake, si mke wake. Ni Kammoun mwingine."

"Kumbe wapo wengine?"

"Umekaa Sfax muda gani, Bwana Mkurugenzi?"

"Mwaka na nusu."

"Inaonekana samaki unanunuliwa."

Alicheka kwa aibu, akashika kalamu. Nikamwambia aandike sawasawa: Lassaad bin Abdelmajid Kammoun, na Ilhem bint Taieb Kammoun. Baba wawili, nyumba mbili, kila mpita njia asome.

"Vibao vya siku hizi hatuandiki majina ya baba," akasema. "Kitafanana na cha kaburi."

"Kifanane."

"Na wewe? Nimesikia mkeka ulikuwa wako. Tunaweza kuongeza mstari."

"Mkeka ule ulikaa chini ya sufuria yangu miaka kumi na tisa na haukuniambia kitu. Usiongeze mstari."

Akaomba picha. Mkasi nilikuwa nao mkobani, sitajidai sikuwa nao. Ungetosha kuwatenganisha kila mmoja kwenye fremu yake. Nilimpa picha nzima.

Kibao kilifunguliwa Novemba. Ilhem alikuja kutoka Ujerumani, mvi mbili tatu, koti la heshima. Sasa wanasema majina ya baba yaliwekwa kwa sababu ya wivu wangu. Ni kweli. Wivu wangu ndio ulioyaandika, na majina ni sahihi.

Baada ya hotuba mimi na Ilhem tulibaki ndani ya maabara robo saa, mlango umefungwa. Mounira ameniuliza tulisemezana nini. Saluni imeuliza. Mkurugenzi ameuliza, kwa adabu zake. Sisemi.