Mistari Miwili Niliyoikata Kwenye Ufunguo wa Seva

Mwanangu, naikumbuka siku moja ya mwaka wa tisini na tisa, pale Jinja, kama naiona mbele yangu. Wewe unanijua leo: darasa la nne tu, lakini kompyuta za nusu ya mji huu zimepita mikononi mwangu. Najisifu, ndiyo, maana nimejitafutia mwenyewe. Ila hili si la kujisifu.

Aliyenifundisha kazi ni Afande Wandera, polisi mstaafu wa mambo ya redio, mkazi wa Nabuyonga kule Mbale. Yeye mkubwa wangu, mimi mdogo wake. Kampuni yetu ilikuwa inafunga seva, ile kompyuta kuu ya kupokea ujumbe, pale Jinja, ili maagizo ya wanunuzi wa kahawa yasisomwe njiani. Afande alitengeneza ufunguo wa siri, yaani faili ya herufi za kufungia na kufungulia ujumbe, na cheti cha kuithibitisha seva kikatoka ng'ambo, kimeundwa kukubaliana na ufunguo huo tu. Akanipa vyote kwenye disketi moja.

"Weka kama ilivyo. Ikikataa, piga simu."

"Afande, mimi bado mtoto wa kufundishwa?"

Akacheka. "Kichwa yako kubwa kuliko kofia, bwana."

Nilipoufungua ufunguo, juu na chini niliona mistari miwili ya maneno yenye vistari vingi. Nikadhani uchafu. Nikaikata, nikahifadhi. Seva ikagoma: haikutambua muundo wa ufunguo. Kumbe mistari ile ndiyo inayoionyesha seva ufunguo unaanzia wapi na kuishia wapi. Kuiandika tena ni kazi ya dakika mbili. Na simu ilikuwa pale mezani, mwanangu. Niliona haya. Nikatengeneza ufunguo mpya, nikauhifadhi juu ya ule wa zamani, ule ukafutika. Muundo ukakubalika, lakini cheti kikaukana.

Kesho yake asubuhi, alipoona simu haiji, Afande akaja kwa basi kutoka Mbale, anakohoa. Akatazama disketi.

"Ule wa kwanza uko wapi?"

Nikamwonyesha ule mpya, uliokaa mahali pake.

Cheti kingine kingechukua wiki kadhaa, na wanunuzi walikuwa wanafika siku ileile. Mkurugenzi akatuita, akauliza nani kaharibu. Afande akasimama wima kama yuko gwaride. "Kijana ni wangu. Kosa ni langu, nilimpa disketi bila kuweka nakala." Kwao polisi, mkubwa ndiye anayejibu kwa ajili ya mdogo wake, na yeye hakuiacha desturi hiyo hata uraiani. Akafukuzwa palepale. Mimi kimya.

Mlangoni akaniambia, "Ungepiga simu, bwana. Ningekucheka tu."

Nilijiapiza kwenda Mbale kumwomba radhi, nikishapata jina. Jina nikalipata. Nilipofika Nabuyonga nikakuta turubai na viti vya matanga. Mjane wake akaniketisha mbele. Marehemu alimwambia mimi ndiye mwanafunzi wake bora.

Basi, mwanangu, weka nakala kabla hujagusa. Usikikate usichokijua. Ikigoma, rudi kwenye kile ulichobadilisha, usikimbilie kipya. Na mtu akibeba kosa lako, litaje siku hiyohiyo, akiwa bado anakusikia.

Mungu akupe mkubwa wa kukucheka, na akufungue mdomo mapema kuliko alivyonifungua mimi.