Mji Usio na Shangazi

Baba alijitakia mwenyewe. Jioni moja alirudi kutoka kuuza pamba kwa mnunuzi binafsi, wa kwanza kufika kwetu Dutwa na mizani yake, akakaa barazani na kutangaza kwamba siku hizi kila kitu ni ruksa. Sabuni ruksa, mitumba ruksa, mtu yeyote mwenye basi ruksa kubeba abiria. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nangojea aseme hivyo tangu wakati wa palizi. Nikamwambia basi na mimi nipewe ruksa ya kusafiri peke yangu, siku moja tu, niende na kurudi. Baba alitazama huku na huku kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba yake, kisha akasema sawa, chagua pa kwenda.

Kumbe kuchagua ndiyo kazi yenyewe, maana kila chaguo lilipitia kwa mama.

"Mwanza," nikasema.

"Vizuri. Utafikia kwa baba yako mkubwa," alisema mama, akiendelea kutoa mawe kwenye mchele. "Utampelekea kuku."

"Shinyanga."

"Shangazi yako anakaa karibu na stesheni. Yule anapenda tetea."

Maswa kulikuwa na mjomba. Lingeka, ambako nilidhani hakuna anayekwenda ila ng'ombe, kulikuwa na mama wadogo wawili, tena hawasemezani, kwa hiyo kuku wawili.

Kwetu hupiti penye ndugu bila kuingia kusalimia. Ukiingia unapewa maji, unapewa ugali, unapewa mtoto wa kubeba, halafu unaulizwa habari za nyumbani, mmoja mmoja, mpaka ndama. Jua linazama na ulichokiona ni ua wa shangazi. Mimi nilitaka siku moja tu ambayo sitakuwa mtoto wa mtu. Nitembee mnadani, nile maandazi nimesimama, nijaribu viatu ambavyo sina nia ya kuvinunua, na asiwepo wa kwenda kusema nyumbani.

Wiki nzima nilimtajia mama miji. Nilitaja mingine ambayo hata sikuwa na hakika kama ipo, naye akapata binamu. Siku ya nane nikataja Mwandoya, mikono yake ikasimama kwenye ungo. Alimtazama baba. Baba alitazama paa.

"Mwandoya hatuna mtu," mama alisema kwa aibu, kana kwamba ukoo mzima umezembea.

Nilitoka nje nikaruka ruka peke yangu nyuma ya ghala.

Alfajiri ya siku ya mnada, basi likiwa tayari linanguruma, mama alinikabidhi tetea mwekundu aliyefungwa miguu.

"Wa nani, mayu?" nilimuuliza mama.

"Huwezi kujua. Mtoto wangu haendi ugenini mikono mitupu. Watasema nini?"

"Nani atasema, na hatuna mtu huko?"

"Hao hao," akasema mama.

Njiani nilipanga mbinu. Nitasalimia kwa Kiswahili. Shikamoo inajibiwa marahaba, kila mtu anaendelea na safari yake. Salamu yetu ya Kisukuma haina haraka hiyo. Unapiga magoti, unasema mwangaluka, unaulizwa ukoo, kisha baba, kisha babu, kisha babu alichungia wapi. Mimi siku hiyo nitakuwa mtu wa shikamoo.

Nilikuwa huru kwa muda wa andazi moja. Tatizo lilikuwa kuku. Msichana anayezunguka mnadani na kuku hai, naye hamuuzi, anasumbua akili za watu. Waliniuliza bei, nikasema siuzi. Wakauliza basi ninampeleka kwa nani. Nilipojibu kwamba simpeleki kwa mtu, walianza kunihurumia.

Mama mmoja muuza karanga aliniita kama wakubwa wa kwetu wanavyomwita kila msichana, mama. "Mwangaluka, mayu."

Naapa nilikuwa nimeshaandaa shikamoo mdomoni. Lakini magoti hayakungoja. Yalikuwa chini vumbini, kuku kwapani, na mdomo ukayafuata: mwangaluka, ukoo, baba. Nilipotaja babu, yule mama aliweka chini kopo lake la kupimia. Baba yake na babu yangu walinyonya ziwa moja. Baba yake ndiye yule mdogo wa babu aliyehama na ng'ombe kabla baba yangu hajazaliwa, ambaye kwetu alihesabiwa amepotea.

"Mimi ni shangazi yako," alisema, akampokea kuku bila hata kuuliza ni wa nani.

Siku yangu ya uhuru niliimaliza nikiosha masufuria, mtoto wa mtu mgongoni, nikieleza habari za ndama wetu. Viatu nilivyojaribu ni kandambili za shangazi, kwendea kisimani. Nilikasirika kwelikweli, na nilifurahi pia, na sikupenda kwamba nilifurahi. Alinisindikiza mpaka kwenye basi na jogoo mkubwa, maana mgeni naye harudi mikono mitupu.

Nyumbani nilimtajia baba jina la baba yake mdogo. Alitoka akasimama zizini muda mrefu, na aliporudi alinitaka nieleze tena tangu mwanzo. Mama alimfungua jogoo miguu. "Nilikwambia huwezi kujua," alisema.

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya mdogo wangu wa kike. Naye alitaja Mwanza, akataja Shinyanga, akataja Maswa, mpaka akafika Mwandoya.

"Vizuri," alisema mama. "Utafikia kwa shangazi yako."

Mdogo wangu aligeuka akanitazama.

"Ulikuwa umebaki mji huo mmoja tu, dada," akasema.

Mama alikuwa ameshatoka nje kukamata kuku.