Kigelegele cha Bi Ummulkheir

Bi Ummulkheir wa mtaa wa Shika Adabu ni mwoga, na wala hafichi. Paka akiangusha sufuria jikoni, yeye hutoka mbio hadi njiani akawauliza wapita njia kama nyumba yake ingali imesimama. Lakini Mungu hakunyimi vyote. Yeye alimpa koo. Posa ikijibiwa au mtoto akizaliwa, huitwa kupiga kigelegele, na kigelegele chake huwatoa majumbani hata waliokwisha kujilaza usingizi wa mchana.

Sasa, mbele ya nyumba yake pana kiwanja kilichotengwa kujengwa zahanati. Kilitengwa zamani, kikaendelea kutengwa mpaka nyasi zikapita magoti. Mara akatokea tajiri mmoja akidai ni chake. Wakazi wakaunda kamati, mwenyekiti wake Mzee Habib, mtu apendaye hotuba kuliko chakula. Kila mmoja akapewa kazi: huyu aende na wakili kortini, yule apeleke habari redioni. Bi Ummulkheir naye alitaka kazi. Binti yake Ruwaida alikuwa mja mzito, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa ndani ya tuktuk, wakiwa njiani kuitafuta hospitali. Bi Ummulkheir alikuwamo mle ndani, na hakutaka kuyaona tena.

"Wewe, Bi, tuombee dua tu," Mzee Habib akamwambia kwa adabu zote.

Bi Ummulkheir aliona amedharauliwa, na ilimuuma. Akajipa kazi mwenyewe: kuketi barazani akichambua mchele, macho kiwanjani. Mchele wa nyumba ile ulichambuliwa mpaka ukakosa hata kijiwe cha kutupwa.

Basi siku moja mchana, waume wako kazini na wake wako jikoni, lori la mawe likaingia kiwanjani, mawe ya ukuta wa yule tajiri. Bi Ummulkheir akasimama akimbie kuita watu, mchele ukamwagika, asijue aanzie mlango gani. Angepiga yowe, lakini watu wa siku hizi wakisikia yowe hufunga milango kwanza, kisha wakachungulia dirishani. Mwenyewe huapa kwamba hakuyawaza hayo. Hofu ilimfungua kinywa, na kinywa kikatoa kile kilichokizoea.

Kigelegele kikapaa. Milango ikafunguka mtaa mzima, wanawake wakamiminika, huyu anajifunga leso, yule ana unga mikononi.

"Nani kaposwa?"

"Ruwaida kazaa? Mume au mke?"

Kahaso, jirani yake, Mgiriama asiyejua kunong'ona, alifika na mwiko mkononi. "Bi Ummulkheir, arusi i wapi? Mimi nimeacha mchuzi motoni!"

"Hapana arusi, dada," Bi Ummulkheir akasema. Akawaonyesha lile lori. "Na Ruwaida bado. Lakini siku yake ikifika, azae tena ndani ya tuktuk?"

Kahaso akalitazama lori, akautazama mwiko wake, kisha akaketi chini mbele ya magurudumu huku akiulilia mchuzi wake. Mwingine akaketi kando yake. Hata waliofuata harufu ya pilau isiyokuwapo wakaketi, maana kuketi hakutaki ushujaa mwingi. Dereva alipiga honi, akabembeleza, akapiga simu, mwishowe akarudi na mawe yake. Mzee Habib alipofika, hotuba mfukoni, wenye kuhutubiwa walikuwa wamesharudi kwenye vyungu vyao. Alibaki yeye na mbuzi.

Kesi iliendelea, nayo kesi haina haraka. Ruwaida aliposhikwa na uchungu, kiwanja kilikuwa bado ni nyasi, na mtoto wa pili naye akazaliwa ndani ya tuktuk. Bi Ummulkheir alilia siku hiyo, machozi ya hasira. Watu wakasema, huyu sasa kwenye mikutano ya kamati hatutamwona tena.

Mkutano uliofuata alifika kabla ya mwenyekiti, mjukuu kifuani. Mzee Habib akamwonea huruma.

"Bi, si ungepumzika? Lako limeshapita."

"Langu limepita," akajibu, akivuta kiti cha mbele. "Binti yake Kahaso bado hajazaa."