Kilo Sitini na Moja

Mji ule ulizaliwa na pamba. Kiwanda kilitangulia, maduka yakafuata, kisha reli. Kiwanda kilipofungwa, vingine navyo vikajiondokea, na watu wakaondoka navyo, wakiwamo wanawe watatu wa Bwana Mizani. Yalibaki maonyesho ya kilimo, mara moja kwa mwaka, na ile mizani kubwa ya chuma ghalani, ambayo yeye aliitunza.

Mawe ya kuihakikia yaliibwa zamani. Kwa hiyo kila mwaka mkewe alikwenda kupimwa uzito zahanati, akarudi na kikaratasi, na asubuhi ya maonyesho akapanda juu ya mizani. Bwana Mizani alitega kilo zilizoandikwa. Mkono wa mizani ukitulia katikati, ni nzima.

Mkewe walimzika mwezi wa pili. Safari hii zahanati alikwenda mwenyewe.

"Sitini na moja," muuguzi alisema. "Babu, unakula kweli?"

Saa mbili asubuhi mwenyekiti wa maonyesho alichungulia ghalani. "Mzee wangu, isipohakikiwa hadi saa tatu, tunaleta ile ya betri. Hii itakwenda kwa watu wa vyuma chakavu. Inatujazia nafasi tu."

Akatega sitini na moja, akapanda. Lakini mkono uko upande wa pili wa nguzo ya mizani, mbele ya kiti cha mpimaji, aliyepanda hauoni. Akajinyoosha kuchungulia, chuma kikagonga. Akashuka. Akapanda tena, na tena.

"Unacheza rede kama mtoto, peke yako, shemeji?"

Alikuwa Mama Maboga, mshindi wa pili wa shindano la maboga miaka tisa mfululizo, na miaka yote tisa akilalamika kuwa mizani inamwibia.

"Niangalizie mkono."

"Mimi? Na nikisema umelala upande?"

"Basi umelala."

Akatua boga lake, akazunguka nguzo. "Simama wima. Acha kuhema kama ng'ombe." Bwana Mizani akanyoosha mgongo. "Umetulia katikati," Mama Maboga akasema hatimaye, akasonya. "Kumbe ni maboga yangu tu mepesi!"

Akaenda kumwita mwenyekiti, akicheka njia nzima.

Bwana Mizani angeweza kushuka. Hakushuka. Miaka thelathini na mmoja mkewe alisimama pale, yeye akihangaika na vyuma, na hakuwahi kumuuliza alikuwa akitazama nini. Dirisha halipo. Mbele yake palikuwa na ukuta mtupu, na pembeni ya nguzo, kile kiti alichozoea kukalia yeye.