Ubeti wa Droo ya Tatu

Mume wangu alijifunzia dhihaka mezani kwangu. Nasomesha fasihi ya Kiingereza katika chuo kimoja hapa Maskati, na kila muhula tunafika kwenye mashairi ya karne ya kumi na nane yanayowacheka wanawake. Mshairi anajipenyeza chumbani kwa bibi, anafungua vikopo vya poda, anataja meno ya bandia na nywele za kununua, na wasomaji wanavunjika mbavu. Nikirudi nyumbani nilikuwa namfasiria. Tulicheka pamoja, sikatai.

Miaka miwili nyuma niliumwa, nywele zikanitoka. Nilinunua za kuvaa, na kila usiku nikawa nazikunja ndani ya kanga ya manjano na kuziweka droo ya tatu ya kabati chumbani. Aliyejua ni mume wangu peke yake.

Nyumbani kwa wazazi wake, mji wa Al Amerat, kila Ijumaa baada ya chakula wanaume walioko majlisi, sebule yao ya wageni, hutoa ubeti, na sisi wanawake chumba cha pili hujibu kwa vina vile vile. Mchezo huo wazee wao walikuja nao kutoka Unguja. Mwenye kujibu huwa mimi, na upande wetu ulikuwa haujawahi kushindwa.

Ijumaa ile nikaisikia sauti yake. Hakumtaja mtu. Alimsema tu bibi mmoja anayeamka bila nywele, akaja kwenye droo ya tatu, akamalizia na kanga ya manjano. Kule wakaangua kicheko. Huku wifi yangu akanigusa kwa kiwiko.

"Haya, mwalimu, mjibu."

Vina nilikuwa navyo. Ningeweza kummaliza, maana naye ana yake. Lakini kila neno lililonijia lilikuwa siri aliyonipa yeye. Niliinama nikamenya chungwa. Mama mkwe alinitazama kichwani, kisha akageuza macho haraka, nikajua keshafahamu.

"Leo huku hatujibu," akawapazia sauti. "Kunyweni kahawa yenu."

Niliumia, na nikajikasirikia vilevile. Miaka yote ile darasani sikuwahi kuuliza yule mshairi aliingiaje chumbani. Wangu nilimfungulia mwenyewe.

Njiani kurudi aliendesha gari huku anapiga mluzi.

"Leo nimekuwezeni," akasema. "Mbona hukujibu?"

"Jibu lako nnalo," nikamwambia. "Tangu leo, ukija chumbani, piga hodi."